Kichwa, macho na usingizi: mama wa Mamboleo auliza kuhusu masomo ya mtandaoni

SWALI

Daktari, habari yako. Tulihamia Kisumu kutoka Nairobi mwishoni mwa mwaka jana, mume wangu alipopata uhamisho kazini. Kutafuta nafasi za shule kulitushinda, tukawaandikisha watoto katika shule ya mtandaoni. Mvulana wangu ana miaka 14. Tangu Januari kichwa kinamuuma karibu kila jioni, macho yanamwasha, analala saa nane usiku, amenenepa na hataki kutoka nje. Baba yake anasema ni uvivu. Mimi nadhani ni mwanga wa kompyuta, na jirani ameniambia ninunue miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Dada yake wa miaka 7 anasoma kwa tableti na hana shida yoyote. Tunaishi pia na binti ya dada yangu, ana miaka 16, naye anasoma hivyo hivyo na ndiye anayewaangalia wadogo zake tukiwa kazini. Je, nimtoe mvulana kwenye masomo haya?

Mama, Mamboleo, Kisumu

JIBU

Mama, asante kwa kueleza kwa kirefu. Nitaanza na mvulana kwa sababu ndiye uliyeniuliza, kisha nitawarudia hao wasichana wawili, maana maneno machache uliyoandika juu yao yamenikaa kichwani.

Kabla ya kuilaumu kompyuta, mpimeni malaria siku yoyote ambayo kichwa kinamuuma na mwili una joto, au anasikia baridi, au anatapika. Mmetoka Nairobi, ambako malaria ni nadra, mkaingia ukanda wa ziwa ambako ipo mwaka mzima. Watoto waliokulia hapa wamejijengea kinga kiasi. Wa kwenu hawana. Nalisema hili mapema kwa sababu mzazi akishaamini kwamba tatizo ni skrini, hata homa huihesabia skrini. Wote walale ndani ya neti yenye dawa, huyo barobaro pia, hata akinung'unika kwamba ndani kuna joto. Yapo vilevile maumivu ya kichwa yasiyongoja miadi: yanayomwamsha mtoto usingizini, yanayomjia asubuhi pamoja na kutapika, yanayoandamana na kuona vitu viwili viwili, shingo kukakamaa, degedege au upande mmoja wa mwili kulegea. Ukiona lolote kati ya hayo, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Maumivu unayoyaeleza wewe, ya kila jioni, ni ya namna nyingine. Tukitazama kitu kilicho karibu, msuli mdogo ndani ya jicho hukaza ili tukione vizuri. Darasani mtoto hutazama daftari, kisha ubao, kisha mwalimu anayezunguka, kisha mbuzi wanaopita nje ya dirisha, na kila mara msuli ule hukaza na kulegea bila yeye kujua. Mbele ya kompyuta umbali ni ule ule kuanzia saa mbili asubuhi mpaka alasiri. Tena mtu akikazia macho skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, kwa hiyo machozi hukauka na macho huwasha. Ongeza shingo iliyoinama kutwa, maji ambayo hakunywa katika joto la Kisumu, na pengine chakula cha mchana alichokiruka. Kichwa lazima kiume.

Jambo la kwanza basi ni kumpima macho. Watoto wengi wana kasoro ndogo ya kuona ambayo hakuna aliyewahi kuipima, na kazi ya karibu ya saa nyingi ndiyo huifichua. Hapo mjini mnaweza kwenda kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na Hospitali ya Macho ya Sabatia, kule Vihiga, inafikika kwa matatu. Akiandikiwa miwani, avae.

Ile miwani ya jirani msinunue. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 17 ya lenzi za kuzuia mwanga wa buluu, wala hawakupata ushahidi kwamba kwa muda mfupi zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Pesa hizo zitamlipia kipimo cha macho. Yanayosaidia hayana gharama: kompyuta iinuliwe juu ya vitabu viwili vitatu mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho, ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, dirisha liwe ubavuni pake wala si mgongoni wala mbele yake. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Na kama kuna siku anafuata masomo kwa simu, hiyo ni mbaya zaidi kwa macho na shingo, kwa kuwa simu ni ndogo na hushikwa karibu.

Sasa usingizi. Hapa ndipo ningependa mkaze nguvu kuliko pengine pote.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayelala saa nane usiku na kuamka dakika tano kabla ya darasa la saa mbili amepata saa 6 tu. Upungufu huo peke yake unatosha kuleta maumivu ya kichwa, hasira za ghafla, hamu ya vitu vitamu na kusahau alichosoma jana. Ningependa baba yake ajue kwamba wakati wa balehe saa ya mwili husogea. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huchelewa kutoka kwa barobaro kuliko kwa mtoto mdogo, kwa hiyo saa tatu usiku, wakati ninyi mnasinzia kwenye kochi, yeye yuko macho kabisa. Kuuita huo uvivu ni kumlaumu kwa umri wake.

Kinachoirudisha saa hiyo mahali pake ni mwanga wa asubuhi. Mwanafunzi wa shule ya kutwa huupata bila kuutafuta. Kisumu jua huchomoza kabla ya saa moja mwaka mzima, na wakati huo yeye yuko barabarani na begi mgongoni. Mwanao anafunguliwa darasa akiwa kitandani, pazia limefungwa, na mwili wake haupati habari kwamba kumekucha mpaka karibu adhuhuri. Usiku ukiingia, saa ya mwili inadhani bado ni jioni. Anaongezea simu, na simu haimkeshezi kwa mwanga wake pekee. Inamkesheza zaidi kwa marafiki zake wa Nairobi wanaomwandikia saa tano, saa sita, saa saba, nao ndio marafiki pekee alio nao.

Kwa hiyo msianze kwa kumpigia kelele alale mapema, atajilaza tu na kutazama dari. Anzeni na asubuhi. Saa moja awe nje, nusu saa, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo: amsindikize baba yake stejini, akalete maziwa, afagie uwanja, chochote kile mradi jua limpige usoni. Darasa lihamie mezani, kitanda kibaki cha kulala. Simu zote za nyumba hiyo, zenu pia, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu na nusu usiku. Hiyo ya kwenu ni muhimu. Mtoto wa miaka 14 hatii sheria anayoona inamhusu yeye peke yake. Kisha isogezeni saa ya kulala iwe mapema zaidi kidogo kidogo, robo saa kila baada ya siku mbili tatu. Itachukua wiki kadhaa.

Kinachonisikitisha ni kwamba masomo ya nyumbani yangeweza kumwongezea usingizi. Huko Zurich, Uswisi, watafiti waliwahoji maelfu ya wanafunzi wa sekondari shule zilipofungwa mwaka 2020, wakakuta wanalala dakika 75 zaidi siku za masomo kuliko wenzao waliohojiwa kabla ya janga la korona, kwa sababu hawakuwa na safari ya alfajiri. Nikifikiria vijana wetu wa bweni wanaoamshwa gizani kwa prepu, naona mwanao ana nafasi ambayo wengi wangeitamani, nayo inaishia kwenye simu.

Kunenepa nako kuna maelezo. Marekani, shirika la serikali la kudhibiti magonjwa, CDC, lilifuatilia vipimo vya watoto na vijana zaidi ya 430,000, likakuta kwamba wakati wa janga kasi ya uzito wao kuongezeka kwa kulinganishwa na urefu ilikaribia kuwa maradufu. Shule ilimtembeza mwanao bila kumuuliza: kwenda stejini na kurudi, gwaride, mpira wa mapumziko, kuhamisha madawati, kukimbilia chakula. Shirika la Afya Duniani linataka vijana wa umri wake wapate wastani wa dakika 60 za mwendo wa kutoa jasho kila siku. Sasa hesabuni pamoja naye jana alitembea wapi.

Lakini tafadhali msimpandishe kwenye mizani mbele ya wageni, wala mtu asimwite kibonge hata kwa mapenzi. Wala asipunguziwe chakula. Ana miaka 14, mifupa inarefuka. Badilisheni kilicho ndani ya nyumba. Soda na krisps zikiwa kabatini, mtu aliyekaa hatua nne kutoka hapo kutwa nzima atazila, hata mimi ningezila. Asubuhi ale kiamsha kinywa mezani kabla ya darasa, uji na yai au viazi vitamu. Mchana ale chakula kilichopikwa, akiwa ameifunga kompyuta. Ugali, omena na mboga za kienyeji mnazipata soko la Kibuye kwa bei nafuu kuliko huo mfuko wa chipsi.

Kuhusu mchezo, jua la mchana hapa ni kali na mvua ya alasiri hushuka ghafla, kwa hiyo asubuhi na jioni ndizo saa nzuri. Mamboleo hamkosi kiwanja cha mpira. Onyo moja kwa familia mliokuja juzi: watoto wasiogelee kandokando ya ziwa, maji hayo yana kichocho.

Nimefika kwenye neno lako "hataki kutoka nje". Kijana huyu amehamishwa mji, ameacha marafiki wote, na shule mpya aliyopewa haina uwanja, haina foleni ya chakula, haina jirani wa dawati wa kumtania. Mwaka 2021 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za wakati wa janga kutoka nchi mbalimbali: kijana mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili nzito za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na mmoja kati ya watano dalili za wasiwasi uliopita kiasi. Siwezi kuyabebesha masomo ya mtandaoni yote hayo. Wakati ule kulikuwa na misiba, wazazi kupoteza kazi na hofu kila upande. Ila kutengwa na wenzao kulikuwa sehemu ya mzigo ule, na mwanao anaubeba sasa, wakati hakuna janga na wenzake wote wako shuleni.

Mkae naye, ikiwezekana baba ndiye atangulie, wakiwa wanafanya kitu pamoja badala ya kumwita sebuleni kama mshtakiwa. Muulizeni anakosa nini cha Nairobi. Kama kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni au hasira karibu kila siku, ameacha vitu alivyopenda, anajiona hana thamani, mleteni kwa daktari. Na muulizeni waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Wazazi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo, halimpi. Humpa mlango. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, na mpate msaada siku hiyo. Laini ya watoto, namba 116, haina malipo na hupokewa usiku na mchana.

Sasa huyu wa miaka 7, "hana shida yoyote". Ndiye macho yake yananitia wasiwasi kuliko ya kaka yake. Jicho la mtoto mdogo bado linakua, na likirefuka kupita kiasi mtoto hawezi kuona mbali tena. Likisharefuka halirudi. Huko Feicheng, jimbo la Shandong nchini China, watoto hupimwa macho shuleni kila mwaka, hivyo watafiti waliweza kulinganisha 2020, baada ya miezi ya kufungiwa nyumbani na kusoma kwa mtandao, na miaka mitano iliyotangulia. Kwa watoto wa miaka 6, wasioona mbali hawakuwahi kuzidi asilimia 5.7, mwaka huo walifika asilimia 21.5. Wa miaka 7, kutoka asilimia 16.2 hadi 26.2. Kwa wale waliopita miaka 9 tofauti ilikuwa ndogo sana. Vipimo vile vilifanywa bila kutia macho dawa ya kulegeza msuli, kwa hiyo huenda baadhi ya watoto walihesabiwa kimakosa, lakini pengo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kinga yake ni kuwa nje mchana. Guangzhou, huko huko China, shule zilizoongeza dakika 40 za darasa la nje kila siku zilipata watoto wachache zaidi wenye tatizo hilo baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 wakati shule nyingine zilikuwa na 39.5. Wataalamu wengi wa macho hupendekeza karibu saa mbili za nje kwa siku. Kisumu mwanga upo tele, kinachokosekana ni mtu wa kumtoa nje binti huyu. Naye mpimeni macho, ingawa halalamiki. Mtoto wa miaka 7 hajui kwamba wengine wanaona mbali kuliko yeye.

Nimemwacha mpwa wako mwisho kwa sababu nataka uyasome haya taratibu. Mwezi Machi 2020 Kenya ilipofunga shule, sisi wa magharibi tuliona kilichowapata wasichana. Jirani yenu hapo Siaya, watafiti waliwafuatilia wasichana wa shule za sekondari za kutwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022 katika jarida la BMJ Global Health. Wale waliopitia kufungwa kwa shule walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari, na mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na waliomaliza kabla ya janga. Walikuwa na saa chache za kusoma na saa nyingi za kazi za nyumbani, na wachache zaidi kati yao walisema tendo la kwanza la ndoa walilitaka.

Simshuku mpwa wako, wala simshuku mtu yeyote wa nyumba yenu. Nasema shule huwa macho ya watu wazima wengi juu ya msichana kutwa nzima. Yeye macho hayo hana. Yuko nyumbani bila mtu mzima, anapika cha mchana, anamfungulia mdogo wake tableti, anajibu mlango, na katikati ya hayo eti naye yuko darasani. Mwangalieni kama mwanafunzi kwanza. Muulize faraghani, wewe si mume wako: anasoma saa ngapi hasa, nani hupita hapo mchana, ana sodo za kutosha, kuna mtu anayemsumbua mtandaoni au mtaani? Msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Akikuambia jambo zito, usianze na lawama.

Kwa hiyo umeniuliza kama umtoe mvulana. Kama nyumba yenu ingekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu, ningemtoa huyu mdogo, aende shule ya kutwa ya karibu muhula ujao. Atapata jua, wenzake na mwalimu wa kumshika mkono anapojifunza kuandika, na mpwa wako atarudishiwa mchana wake. Wa pili angekuwa mpwa wako mwenyewe. Ikiwa mtihani wa kidato cha nne uko karibu na kuhamishwa kutamvuruga, basi abaki mtandaoni, lakini asiachiwe nyumba, na mpate sehemu yenye watu wazima ambako anaweza kusomea siku kadhaa za wiki, maktaba au hata ofisini kwako.

Mvulana anaweza kungoja, mradi asubuhi yake ibadilike na apate watu: timu ya mpira, vijana wa kanisani au msikitini, kilabu cha skauti, chochote chenye siku maalumu na wenzake wanaomngoja. Wapo watoto ambao masomo ya nyumbani yamewafaa, hasa waliokuwa wakionewa shuleni au wenye maradhi ya kudumu, na sitaki uondoke ukidhani umemdhuru kwa kumwandikisha. Mkitekeleza haya na baada ya wiki sita bado kichwa kinamuuma na halali, mrudisheni shule ya kutwa naye, na mwambieni mapema ili achague nanyi.

Wakati huo huo awe na daftari. Kila siku aandike mwenyewe saa aliyolala, saa aliyoamka, muda aliokuwa nje, na kama kichwa kilimuuma na saa ngapi. Wiki mbili zinatosha. Mkienda kliniki mlibebe, na baba yake awepo.